Ajali Haina Kinga? Somo la Barabara za Mbulu na Hanang kwa Wasafiri wa Visiwani

Familia nyingi za Unguja na Pemba zina mtu wao anayesafiri Bara: mfanyabiashara anayefuata vitunguu na nafaka, mwanafunzi, mtumishi wa serikali, au wazee wanaokwenda harusini. Baadhi yao hufika mkoa wa Manyara, katika wilaya za Mbulu na Hanang. Tangu barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati ilipozinduliwa mwaka 2018, safari ya huko imekuwa nyepesi. Lakini lami humrahisishia msafiri na papo hapo humshawishi dereva aongeze mwendo.

Tuyatazame mazingira yenyewe. Barabara ya Babati kwenda Singida hupita Katesh, chini ya Mlima Hanang wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400. Ni nchi ya wafugaji, na ng'ombe hukatiza barabara bila taarifa. Kufika Mbulu kutokea Babati ni lazima gari lipande ukingo wa Bonde la Ufa, kwa Magara au kwa Dareda. Huko kuna kona kali, ukungu, na utelezi wakati wa mvua. Dereva aliyezoea tambarare ya Unguja hajajifunza mlima, hata akiwa na leseni ya miaka ishirini.

Mifano ipo. Tarehe 6 Mei 2017, huko Rhotia wilayani Karatu, jirani na Mbulu, basi la shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni kwenye mteremko, siku ya mvua. Wanafunzi 32, walimu wawili na dereva walifariki. Februari 2024, Ngaramtoni mkoani Arusha, lori lililopoteza breki liligonga magari mengine na watu 25 wakapoteza maisha. Na tarehe 3 Disemba 2023 matope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliporomokea Katesh, yakaua watu zaidi ya 80 na kufunga barabara.

Baada ya kila msiba husikika maneno yale yale: "Ajali haina kinga." Yana ukweli wake, kwani qadar ni nguzo ya imani yetu. Hata hivyo, maporomoko ya mlima si sawa na dereva anayelipita gari jingine konani. La kwanza halikuwa mikononi mwa msafiri, la pili lilikuwa chaguo lake. Mtume (s.a.w.) alimfundisha mtu amfunge ngamia wake kwanza, kisha amtegemee Allah. Breki, mkanda na mwendo wa wastani ndiyo kamba ya ngamia wa leo.

Wanazuoni wamelizungumza jambo hili bayana. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lenye makao yake Jiddah, katika kikao chake cha nane kilichofanyika Brunei mwaka 1993, liliamua kwamba kufuata kanuni za barabarani zisizopingana na sharia ni wajibu, na kwamba dereva hubeba dhamana ya madhara anayowasababishia wengine, isipokuwa katika hali chache kama nguvu isiyozuilika. Anayeua kwa kosa la uzembe hukabiliwa na suala la diya na kafara, mbali na mahakama ya serikali. Kusema "haikuwa nia yangu" hakumwondolei dhamana hiyo.

Udereva wa kujihami maana yake ni kuendesha ukitarajia kosa la mwenzako. Mteremko ushuke kwa gia ndogo, ile ambayo ungeitumia kuupanda, ili injini ilizuie gari. Breki ikikanyagwa mfululizo hupata moto na mwishowe hukataa kushika. Baina yako na gari la mbele acha nafasi ya kuhesabu sekunde tatu, na mvua ikinyesha zidisha maradufu. Kwenye ukungu washa taa za chini, kwa sababu taa kali hurudi machoni mwako. Kwenye makazi usizidi kilomita 50 kwa saa. Ukiona ng'ombe mmoja, jua nyuma yake wapo wengine.

Abiria naye ana sehemu yake. Mabasi yana kikomo cha kilomita 80 kwa saa; likizidi, abiria wana haki ya kusema, na wakisema kwa pamoja dereva husikia. Wanaokodi gari kwa ajili ya harusi au msiba waulize kwanza: je, dereva amelala? Ameshawahi kupanda Magara? Matairi yakoje? Na wenyeji wasimpigie simu kila baada ya nusu saa kumuuliza amefika wapi. Haraka yetu ndiyo inayomsukuma kukanyaga mafuta.

Dua ya safari tuisome, na tuisome gari likiwa limekaguliwa. Kuchelewa kufika Mbulu kwa saa moja hakumdhuru mtu. Wallahu a'lam.