Haja ya Kusanifu Kumbukumbu za Tiba ya Matende

Zamani, nguo ilipopimwa kwa dhiraa, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, mnunuzi alinufaika kwa mkono mrefu wa muuzaji. Kipimo kilikuwa na jina moja, lakini hakikuwa na urefu mmoja. Kasoro ya namna hiyo haifai kuachwa katika kumbukumbu za tiba ya matende.

Matende husababishwa na minyoo waenezwao na mbu. Minyoo hao huharibu mishipa ya limfu, na maji yaliyopaswa kurudi katika damu hubaki mguuni. Tanzania ilianza mpango wa kutokomeza ugonjwa huu mwaka 2000. Dawa zigawiwazo hukatiza maambukizo, lakini aghalabu haziurudishi katika hali yake mguu uliokwisha kuvimba sana. Mgonjwa wa namna hiyo huhitaji kuosha mguu kila siku kwa sabuni na maji, kuuinua, kufanya mazoezi, na pengine kufungwa bendeji. Mtaalamu wa fiziotherapia humwongoza na kuandika maendeleo yake.

Je, aandike nini? Maneno "uvimbe umepungua" hayatoshi. Hata mzingo uliopimwa kwa utepe hauna maana ikiwa mahali, saa na mkao wa mgonjwa havikutajwa, kwani mguu hujaa zaidi jioni kuliko asubuhi.

Tuchukue sehemu ya mguu yenye urefu wa sentimita 10, mfano wa pia iliyokatwa ncha, yenye mzingo wa sentimita 30 chini na 36 juu. Ujazo wake ni karibu sentimita 869 za ujazo. Mizingo yote miwili ikipungua kwa sentimita 1, ujazo huwa 817, yaani pungufu ya asilimia 6. Lakini utepe ukishushwa sentimita 2 tu, mzingo hupungua kwa sentimita 1.2 pasipo tiba yoyote! Hivyo tiba isiyofaa yaweza kusifiwa, na ifaayo ikaachwa.

Wako wasemao kwamba fomu hupoteza muda, na kwamba wagonjwa hawafanani. Naam, hawafanani, ndiyo maana kipimo hakina budi kufanana. Mistari sita yatosha: umbali wa kila alama kutoka kifundo cha mguu, saa, mkao, hali ya ngozi, idadi ya vipindi vya homa na maumivu, na tiba iliyotolewa. Mgonjwa ahamapo kituo, kadi hiyo itamwezesha mtaalamu mwingine kuendelea pale alipoachia mwenzake.