Leseni Ukutani, Koleo Ndani ya Beseni

Ukaguzi wa kliniki ndogo za meno nchini mwetu ni ukaguzi wa karatasi, na gharama ya upungufu huo hulipwa na mgonjwa aliyeachama kitini. Sisemi kwamba hatuna sheria. Tunazo nyingi, na wingi wao ni sehemu ya tatizo.

Tuchukue kliniki ya kufikirika hapa Buzebazeba: vyumba viwili, kiti kimoja, tabibu wa meno mmoja, msaidizi wake, na benchi la wagonjwa barazani. Usajili wa kituo unasimamiwa na Sheria ya Hospitali Binafsi. Tabibu mwenyewe anawajibika chini ya sheria ya taaluma ya mwaka 2017. Akiwa na mashine ya eksirei, Tume ya Nguvu za Atomiki inamhusu. OSHA wapo, Zimamoto wapo, TRA wapo, na Manispaa ya Kigoma-Ujiji haikosekani. Kila mlango una fomu yake na risiti yake. Mmiliki akizipachika zote ukutani, mgonjwa anayesubiri ataona ukuta uliojaa mihuri na kuamini kuwa yu salama.

Sasa tuache ukuta, tuangalie beseni. Ni saa tano asubuhi, siku ya gulio, benchi limejaa na koleo za kung'olea magego zipo mbili tu. Mtungi wa kutakasia vifaa kwa mvuke wa shinikizo unahitaji kufika nyuzi 121 na kubaki hapo dakika zisizopungua kumi na tano, ukiacha muda wa kupasha na kupooza. Umeme ukikatika katikati, kazi inaanza upya. Mgonjwa wa tatu anaugulia. Je, tabibu atamwambia asubiri, au atazamisha koleo katika maji ya klorini, azisuuze na kuendelea? Klorini ni hatua ya kwanza ya usafi, haichukui nafasi ya mvuke. Kirusi cha homa ya ini B kinaweza kuishi nje ya mwili siku saba au zaidi, na chanjo yake iliingia katika ratiba ya watoto wetu mwaka 2002 tu. Watu wazima wengi wanaokaa kwenye benchi lile walizaliwa kabla ya hapo.

Hicho ndicho kiini cha viwango vya uendeshaji: kinachofanyika saa tano, wakati hakuna mgeni. Mkaguzi anayefika mara moja kwa mwaka hawezi kukiona. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ya mkaguzi kliniki nayo hupona, glavu hujaa mezani, sakafu hung'aa, na kisanduku cha taka zenye ncha kali huwa kipya. Ushahidi wa kweli ungekuwa daftari: kila mzunguko wa mtungi, saa ulipowashwa, utepe wa majaribio uliobadilika rangi, na jina la aliyesimamia. Mkaguzi alinganishe idadi ya mizunguko hiyo na idadi ya meno yaliyong'olewa kwenye rejesta ya MTUHA. Hesabu mbili zisipokubaliana, hapo ndipo maswali yaanze. Kazi hiyo inataka kalamu na saa moja ya uaminifu.

Kwa nini hatufanyi hivyo? Nadhani jibu liko katika historia. Mwaka 1977 dola ilipiga marufuku tiba ya binafsi ya kibiashara. Swali lake lilikuwa nani anamiliki. Mwaka 1991 mlango ukafunguliwa tena, na swali likawa nani ana leseni. Swali la tatu, kama koleo imetakaswa, halijawahi kupata mlezi, labda kwa sababu halina risiti.

Dola inajua kupima ikitaka. Kuanzia mwaka 2015 iliviweka vituo vya afya ya msingi takribani 7,000, vya umma na vya binafsi, kwenye mizani ya nyota. Takribani theluthi moja havikupata hata nyota moja, na vilivyofikia nyota tatu vilikuwa kama asilimia 1. Katika duru ya pili, 2017/18, vya nyota tatu na zaidi vilikaribia asilimia 20. Ninayaheshimu matokeo hayo, maana serikali ilijianika yenyewe. Kwa hiyo asije mtu kuniambia kwamba aibu hii ni ya wafanyabiashara peke yao.

Wapo watakaosema: mkikaza, kliniki zitafungwa, na watu watarudi kwa wang'oaji wa mitaani, wale wale wanaochokonoa fizi za watoto wachanga kutafuta "meno ya plastiki". Hoja hiyo ni nzito, siidharau. Mtungi ukiharibika Kigoma, fundi na kipuri huenda vikatoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa Reli ya Kati. Kumfungia tabibu kwa kosa la umbali ni uonevu. Lakini jibu la umbali si kufumba macho. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, ingeweza kuwatakasia vifaa wenye kliniki ndogo kwa ada nafuu pale mitungi yao inapokufa, na sehemu ya tozo zinazokusanywa ingemlipa fundi mmoja wa kudumu hapa mkoani.

Halafu taarifa ya ukaguzi ibandikwe mlangoni. Nchini Uingereza, Tume ya Ubora wa Huduma inasajili kliniki za meno tangu Aprili 2011, na taarifa za kaguzi zake husomwa na yeyote mwenye intaneti. Kwetu taarifa hulala katika faili la ofisi, kana kwamba mkaguzi aliagizwa na mmiliki. Mama aliyeshuka mtumbwini Kibirizi na shavu lililovimba hana namna ya kuliomba faili hilo. Ukurasa mmoja wa Kiswahili, wenye tarehe, kilichokutwa na siku ya kurudi kukagua tena, ungemtosha, na Manispaa haihitaji kusubiri sheria mpya kutoka Dodoma ili kuwaomba wenye kliniki waanze.