"Neema Ni Nani?" Swali Lililonifanya Niache Kucheka Status za Watu

Leo sina ubuyu. Sitasema nani kaonekana na nani Masaki, wala nani kamfuta nani Instagram. Leo najisema mwenyewe, tena kwa aibu.

Mimi nilikuwa kapteni wa kucheka nyimbo za watu. Ukiweka wimbo wa mapenzi status, wa kwanza kukujibu ni mimi: "Nani kakuacha?" Ukiweka kwaya: "Umeokoka au umefulia?" Ukiweka singeli saa nne asubuhi: "Huna kazi?" Kisha natupia vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi, grupu zima linachangamka, na mimi najiona fundi.

Nimeacha. Naandika hapa kwa sababu nataka na nyie muache, na nitawaambia kwa nini.

Kwanza tukubaliane kitu kimoja. Wimbo ukishakuingia unakuwa na mahali pake. Haukai tu kwenye simu. Unakaa stendi, unakaa barazani kwa mtu, unakaa kwenye foleni ya Tazara ulipopokea ile simu.

Kwa mfano "Siku Hazigandi" ya Lady Jaydee kwangu mimi iko Kivukoni. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakaja yale ya kuficha wageni wasiyaone, nikapata kibarua cha kupakua mizigo upande wa mjini. Nyumbani ni Kigamboni. Kila siku saa kumi na mbili kasoro asubuhi nipo kwenye pantoni, nauli mia mbili, nimebanwa kati ya bodaboda na mama mwenye ndoo tupu anayewahi samaki Feri. Hedifoni moja inafanya kazi, nyingine imekufa. Jua linatoka nyuma yetu linapiga vioo vya yale maghorofa ya Posta, mji mzima unang'aa kama wa matajiri watupu. Mpaka leo ukipigwa wimbo ule nasikia harufu ya dizeli na chumvi, na tumbo linanikumbusha kwamba sijanywa chai.

Singeli kwangu ni daladala ya Mbagala Rangi Tatu saa mbili usiku. Spika imefichwa chini ya siti ya nyuma, siti inatetemeka na wewe unatetemeka nayo. Konda ananing'inia mlangoni, anapiga bati kwa mdundo uleule. Kila mtu kachoka, mwenye buku mbili mfukoni ndiyo tajiri, lakini kwa dakika ishirini gari zima linatikisa vichwa. Hata yule mzee wa kanzu. Nilimuona.

Halafu kuna "Cinderella" ya Ali Kiba. Imevuma 2007, mimi nikiwa mtoto wa shule ya msingi, bado tunakaa Temeke. Wakubwa walikuwa wanatongozana nayo. Mimi nikiisikia namuona dada yangu. Ndiye alikuwa ananifuata shuleni. Ananishika mkono tunavuka barabara, kila saluni ya kunyoa tunayopita inapiga wimbo huo, na yeye anauimba kwa sauti mbaya ajabu, haoni aibu. Sasa hivi dada yuko Muscat, mwaka wa nne huu, kazi za ndani. Nikiweka wimbo huo status najua mtaniuliza demu gani. Hakuna demu hapo. Kuna mkono wa dada yangu na barabara yenye magari mengi.

Mmeona? Ukisikia tu wimbo huwezi kujua mwenzio kaubebea nini. Mimi kwa nyimbo zangu nilikuwa nalijua hilo vizuri. Kwa nyimbo za wenzangu nikawa najifanya mganga, nabashiri.

Sasa tuje kwa Neema.

Nina mshkaji wangu, jina naliacha. Alikuwa na meza ya kava za simu Kariakoo, mchangamfu, mtu wa watu. Mwaka juzi kipindi cha masika akaanza kuweka wimbo mmoja tu status, "Neema" wa Mlimani Park. Kwa wadogo zangu mliozaliwa juzi, hao ndio Sikinde, bendi iliyoanza 1978 hapa hapa Dar, watani wa jadi wa Msondo. Wimbo wenyewe ni wa Cosmas Chidumule, ambaye baadaye alihamia kwenye injili. Yaani ni muziki wa baba zetu, ule unaopigwa baa ya wazee Jumapili jioni, supu pembeni. Sasa kijana wa miaka ishirini na nne anauweka leo, anauweka kesho, mpaka siku ya tisa.

Si mnatujua. Nikaandika kwenye grupu: "Jamani Neema ni nani? Huyu mwanamke kamfanya nini mtoto wa watu?" Grupu likawaka. Mmoja akatengeneza picha, mshkaji analia, pembeni mdada katolewa mtandaoni huko kaandikwa Neema. Mwingine akadai anamfahamu Neema mwenyewe, anauza chipsi Magomeni na ana mume. Uongo mtupu, na mimi nikausambaza. Mwenyewe akajibu mstari mmoja tu: "Hahaha wanangu nyie." Tukasema kakubali.

Siku ya kumi hakuweka. Tukasema huyo, kashapata mwingine.

Siku ya kumi na moja mvua ikashuka tangu alfajiri. Jangwani kukajaa maji kama kawaida yake, barabara ya Morogoro ikafungwa pale, mwendokasi yakasimama. Mimi nilikuwa nimekwama Magomeni kwa shangazi. Jioni mvua ikapungua, nikatoka mpaka Mapipa kuangalia usafiri. Nani huyo anakuja? Mshkaji. Suruali kaikunja mpaka magotini, viatu kavishika mkono mmoja, mkono wa pili kikapu chenye hotipoti.

Mimi na mdomo wangu: "Mwanangu, hicho chakula cha Neema?"

Hakucheka. "Cha bi mkubwa," akasema. "Kalazwa. Wiki ya pili hii."

Wadau, kuna aibu inaanzia miguuni.

Akanieleza pale pale tumesimama kwenye tope. Mama yake alianguka uani akifua. Kiharusi. Upande mmoja umegoma na maneno hayatoki. Huo wimbo ndio alikuwa anauimba kila Jumamosi akiwa na beseni lake, tangu wao wakiwa watoto. Kwa hiyo kila jioni akifika wodini anaweka simu karibu na sikio la mama, sauti ndogo wasije kufukuzwa, anaupiga. Akitoka anauweka status. Siku ya tisa mama akachezesha mdomo, akawa anaufuata. Ndiyo maana siku ya kumi hakuweka. Alikaa kule mpaka wakamtoa, akasahau hata simu.

Nikamuuliza, "Sasa kaka, kwa nini hukusema?"

Akaniangalia. "Si niliweka wimbo. Mliuona watu sitini na kitu. Mlicheka. Hakuna hata mmoja aliyeuliza."

Sikuwa na jibu. Nilimpokea kile kikapu. Jangwani hakupitiki, kwa hiyo tukazunguka kwa miguu, Kinondoni mpaka Daraja la Salenda ndiyo tukakunja kuelekea hospitali. Zaidi ya saa nzima. Njiani akaniambia mtaji wa meza umeishia kwenye dawa na vipimo, na kwamba siku nyingi anatembea hivyo hivyo hata kukiwa hakuna mvua, ili nauli ya daladala iwe ya uji. Sisi wakati huo tulikuwa tunatengeneza picha za Neema.

Mama yake alipona, namshukuru Mungu. Anatembea na fimbo, anaongea taratibu, lakini anaongea. Kilichopotea ni kitu kingine. Mshkaji alituficha status zake. Namba yake ninayo, picha yake naiona, tukikutana ananisalimia vizuri na kava ananiuzia kwa bei ya kishkaji. Ila status zake mimi sizioni. Nimeuliza watu wengine, wao wanaziona. Nyimbo anaweka kama zamani. Mimi ndiye nimetolewa, na siwezi kumuomba anirudishe, kwa sababu kitu hicho mtu haombwi. Anakupa mwenyewe akiona unastahili.

Sasa najua wapo watakaosema, "Ah kaka, watu wengine wanaweka nyimbo kwa mafumbo, wanatafuta ugomvi." Ni kweli. Na wala hatukuanza sisi. Bibi zetu wa pwani walikuwa wanasemana kwa kanga, jirani anaisoma mgongoni mwa jirani na ujumbe unafika bila mtu kufungua mdomo. Kwenye taarabu mpaka leo wimbo ukimgusa mtu anainuka, anakwenda kumtunza mwimbaji, na yule anayeambiwa anajijua alipokaa. Kwa hiyo kusema kwa wimbo ni jambo la kwetu kabisa.

Lakini tofauti ipo. Taarabuni unamuona anayeinuka, unamuona na anayenuna. Enzi za wazazi wetu redio ilikuwa na vipindi vya salamu. Mtu anajaza kadi, anataja anayetuma na anaowasalimia, tena na ujumbe juu, ndiyo wimbo unafuata. Hakuna aliyebaki anabashiri. Sisi kwenye status tumebaki na wimbo peke yake. Hauna jina, hauna salamu. Sekunde chache, basi. Mtu mwenye jambo zito kaubana moyo wake kwenye sekunde hizo chache, na wewe unapita na kikatuni cha kucheka.

Na tuseme ukweli, wanaume ndiyo tumezidi. Hapa mjini mwanaume akiandika "nina mawazo" anaambiwa aache kulialia, atafute hela. Wimbo ndiyo mlango pekee uliobaki wazi. Anaweka wimbo ili akiulizwa aseme, asipoulizwa ajifanye alikuwa anaburudika tu. Tukimcheka na hapo tunakuwa tumemfungia mlango wa mwisho.

Sisemi muwe polisi wa status. Si kila anayeweka wimbo wa huzuni ana msiba, wengine wameupenda mdundo tu, na hilo nalo ni sawa. Wala sisemi mkamuulize mtu mbele ya grupu, hiyo nayo ni kumuanika. Nasema mfuate pembeni, kwenye meseji yake, muulize maneno machache: "Wimbo huu vipi, upo salama?" Akikujibu "nimeupenda tu," hujapoteza kitu. Mtaongea muziki, atakwambia aliusikia wapi, utajua mtaa mpya wa jiji hili kupitia masikio ya mwenzio. Na akiwa na jambo, atakuwa amepata pa kuanzia.

Niwape la mwisho niende.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa macho saa nane usiku, si mnajua bando za usiku. Muscat ilikuwa saa tisa. Napitia status, nakuta dada kaweka wimbo. "Cinderella." Dada yangu huwa halali akichelewa sana saa tano, anaamka alfajiri na kazi za watu.

Zamani ningemtania, "Dada umri umeenda, lala." Safari hii nikaandika: "Shikamoo dada. Wimbo huu vipi saa hizi?"

Simu ikaonyesha anaandika. Ikaacha. Anaandika tena. Ikaacha. Nikakaa kitandani naiangalia kama naangalia penalti.

Kisha ikaingia: "Marahaba mdogo wangu. Nilijua utauliza wewe."

Tukaongea mpaka bando likakata, nikakopa jingine, tukaendelea. Alichoniambia kinabaki kwangu na kwake, ila kesho yake kuna simu nilimpigia baba mdogo, na sasa hivi dada ana tiketi ya kurudi mwezi ujao. Nitakwenda kumpokea uwanja wa ndege, na safari hii barabara nitamvusha mimi.

Haya, zamu yenu. Tupia hapo chini wimbo wako mmoja na mahali unapokaa, iwe stendi, baa, geto au wodini. Na ukisoma wa mwenzio, kabla hujacheka, muulize.