Mvuvi Aulizwe Kabla, Si Baada

Anayeishi hapa Maskati anajua kwamba kila mwaka, kuanzia tarehe 15 Agosti hadi tarehe 15 Oktoba, nguru havuliwi. Waomani humwita kanadi, na ndiye samaki wa heshima juu ya sinia la wali. Katika miezi hiyo ukienda soko la samaki la Matrah utapata jodari, utapata changu, lakini si nguru mbichi. Watu hunung'unika kidogo, kisha hununua kilichopo. Sababu inajulikana: samaki aachwe azaliane.

Basi kwa nini katazo hili linakubalika hapa, na kule kwetu pwani ya Kenya rasimu ya kanuni za uvuvi ikitoka Nairobi wavuvi husimama kuipinga? Wako wanaosema wavuvi wetu ni wakaidi, hawataki kuhifadhi. Mimi siamini hivyo.

Sheria ya uvuvi iliyopo Oman ilitolewa kwa Amri ya Kifalme namba 20 ya 2019, ikachukua nafasi ya ile ya 1981. Lakini kabla ya zote mbili palikuwa na sunan al-bahr, yaani mila za bahari: wazee wa wavuvi wanaojua nani hutega wapi, na nyavu zikiharibiwa nani amlipe nani. Serikali haikuwafuta wazee hao, iliwaundia kamati zinazotambulika. Na wavuvi wadogo waliokuwa wakilalamikia meli kubwa za kukokota nyavu waliona meli hizo zikisimamishwa mwaka 2011. Mtu akiona mkubwa amezuiwa, haoni uzito naye kuzuiwa miezi miwili.

Kwetu mambo yamekwenda kwa mikwaruzano. Katika Ghuba ya Ungwana, kati ya Malindi na mdomo wa Mto Tana, meli za kuvua kamba zilipita miaka mingi zikikata nyavu za wenyeji na kutupa baharini samaki wadogo zisiowataka. Wenyeji walipinga hadi mwaka 2006 serikali ikazisimamisha, na baadaye ukatengenezwa mpango wenye msimu wa kufunga na mipaka ya meli kusogelea ufuo. Kwa hiyo waliodai uhifadhi pale walikuwa wavuvi wenyewe.

Lamu nako, bandari mpya ilipoanza kujengwa, wavuvi walikwenda mahakamani wakisema hawakushirikishwa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliwapa haki, ikaamuru zaidi ya wavuvi 4,000 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Ushindi mkubwa, lakini ulikuja baada ya bahari kuchimbwa. Fedha hazirudishi mazalio ya samaki.

Sisemi kila pingamizi ni la haki. Juya la kukokota limekatazwa Kenya tangu 2001, na kweli linazoa hadi vifaranga na kuvunja matumbawe. Lakini juya ndilo linalochukua vijana wengi wasio na chombo wala mtaji. Sheria ikisema "acha" bila kusema "shika hiki badala yake", kijana wa watu atavua kwa kujificha, na askari atapata mahali pa kudai chake.

Tazameni tofauti ya mkubwa na mdogo. Tanzania ilipoweka tozo ya dola 0.4 kwa kila kilo ya samaki wa bahari kuu, meli za kigeni hazikuandamana wala kuitisha kikao. Nyingi ziliacha tu kuchukua leseni, zikaenda kuvua kwingine, na baadaye tozo ile ikaondolewa. Mvuvi wa mtumbwi hana bahari nyingine ya kuhamia. Silaha yake ni kusema, na kusema kunafaa kabla wino haujakauka.

Katiba ya Kenya ya 2010 inampa nafasi hiyo, na sheria ya mwaka 2013 kuhusu kanuni za serikali inataka watakaoguswa washauriwe kwanza. Tatizo ni jinsi jambo lenyewe linavyofika ufuoni. Mpwa wangu aliwahi kunitumia rasimu kwa simu, kurasa nyingi za Kiingereza cha mawakili. Akaniandikia: "Shangazi, nisomee hii, sisi tumeambiwa tutoe maoni na hatujui imesema nini." Kikao chenyewe kilikuwa kimewekwa siku za bamvua, maji yanapokupwa sana. Kina mama wote wako miambani wakitafuta pweza. Nani angekwenda ukumbini?

Hapo ndipo sisi tulio ughaibuni tunapoingia. Tumezoea kutuma pesa mashine ya boti ikiharibika, na ni vizuri. Lakini wengi wetu tunasoma Kiingereza cha ofisini kila siku. Tukisoma rasimu jioni mbili tatu na kuwarekodia ndugu zetu maelezo kwa Kiswahili cha nyumbani, tumewapa kitu ambacho mashine mpya haiwapi.

Mkisoma, tafuteni mambo manne. Kwanza, ni nyavu na ndoana gani zitakatazwa, na kuna muda wa kubadilisha? Pili, leseni ni kiasi gani, na faini je? Faini inayopita bei ya mtumbwi ni sawa na kuuchukua mtumbwi. Tatu, ni nani atakayekaa kwenye kamati ya BMU ya bandari yenu, na anachaguliwa na nani? Nne, rasimu inawataja wanawake? Mama karanga anayekaanga samaki na yule anayeshika pweza hawana chombo, na asiye na chombo husahaulika kwenye karatasi.

Kisha waandike wao wenyewe, kwa majina yao na kwa Kiswahili, wapeleke kabla ya siku ya mwisho, wabaki na nakala. Kazi yetu iwe kueleza, tusiwasemee. Sisi tunaonunua nguru sokoni hatujui tena mkondo unapita wapi wakati wa kusi. Wao wanajua, na ujuzi huo ndio unaotakiwa uingie kwenye sheria.

Na wakikubali msimu wa kufunga, tuwe tayari. Miezi miwili bila bahari ni miezi miwili bila kitoweo na bila karo. Mwenye ndugu Maskati asilazimike kuvunja sheria aliyoikubali mwenyewe.