Maarifa kwa Jamaa: Mtunza Bohari Ndani ya Diski

Kila askari aliyewahi kuhamishwa kituo anaijua bohari. Siku ya kuondoka hurudisha blanketi, godoro na vyombo. Siku ya kufika kituo kipya husimama mbele ya dirisha jingine akiwa na hati mkononi. Mambo yakienda sawa, haulizi mali hutunzwaje huko nyuma. Huuliza siku kitu chake kinapokosekana.

Zipo bohari za namna mbili. Katika ya kwanza, mtunza bohari hajui mali ni ya nani. Ajuacho ni namba za rafu. Leja yote iko ofisini kwa karani. Karani akiagiza kiletwe kilichomo katika rafu ya 41, ya 42 na ya 97, mtunza bohari ataleta, wala hatajua kama ameleta viatu vya koplo au sanduku la marehemu linalongojwa na mjane. Leja ikilowa mvua, mali ipo yote, lakini hakuna ajuaye ni ya nani.

Katika bohari ya pili, mtunza bohari hupokea mzigo mzima wenye alama ya utambulisho, akautafutia nafasi yeye mwenyewe, akaandika ukubwa wake na siku ulipopokewa. Hautoi kwa mtu yeyote ila kwa hati yenye mhuri wa mkuu.

Msomaji akiushika mfano huu ameishika habari yote ya juma hili. Inahusu namna kompyuta zinavyotunza amana za watu, na jaribio moja la kumweka mtunza bohari wa namna ya pili ndani ya diski.

KIINI NA LEJA YAKE

Katika kila kompyuta na kila simu ya kisasa umo mfumo endeshi, yaani programu kuu inayozitawala programu nyingine zote. Moyo wa mfumo huo huitwa kiini. Kiini ndicho kinachogawa kumbukumbu, kinachoamua ni programu ipi itangulie, na kinachosema na diski. Kiini kimoja mashuhuri ni cha Linux, kilichoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Ufini. Hakiko mbali na nyumba za wasomaji, kwa kuwa simu za Android zilizo mikononi mwa jamaa wengi hutumia kiini hicho hicho.

Diski ya kawaida ni bohari ya namna ya kwanza. Nafasi yake imegawanywa katika vipande vidogo vilivyo sawa, vya baiti 512 au 4,096, na kila kipande kina namba. Picha ya mtoto yenye baiti milioni 2 ikihifadhiwa katika vipande vya baiti 4,096 itahitaji vipande 489. Diski haijui kwamba ni picha, wala haijui kwamba vipande hivyo 489 ni vya kitu kimoja. Ujuzi huo umo katika leja inayosomwa na kiini, nayo huitwa mfumo wa faili. Ndiyo sababu leja ikiharibika, fundi huweza kuikuta diski nzima, picha zote zikiwamo, na bado asiweze kumkabidhi mama picha hata moja ya mwanawe kabla hajakusanya vipande kimoja kimoja.

WAZO LA PITTSBURGH

Kwa nyumba moja yenye kompyuta moja, utaratibu huo unatosha. Taabu huanza pale kompyuta nyingi zinapotaka kuchota katika hazina moja. Zote hulazimika kupanga foleni kwa karani mmoja aliye na leja. Madirisha ya bohari yanaweza kuwa mia moja, lakini ikiwa kila mzigo hupitia meza ya karani, madirisha 99 yatakaa bure.

Katika miaka ya 1990, mtaalamu Garth Gibson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh, Marekani, walilishughulikia jambo hili. Gibson hakuwa mgeni katika fani hiyo, kwani mwaka 1988 yeye, David Patterson na Randy Katz walikuwa wametoa andiko lililoeneza duniani utaratibu wa kuunganisha diski nyingi ndogo ili moja ikifa nyingine ziokoe mali. Safari hii shauri lao lilikuwa kwamba diski yenyewe ipewe akili na wajibu. Isiombwe tena rafu ya 41; iombwe kitu kamili kwa namba yake ya utambulisho, nayo ijue mwenyewe kilipolazwa.

Kitu hicho kilikuwa na sehemu tatu: namba ya utambulisho, data yenyewe, na sifa zake, kama vile ukubwa na wakati kilipobadilishwa. Ama kuhusu usalama, kompyuta iliyohitaji kitu ilikwenda kwanza kwa msimamizi, ikapewa hati iliyotaja kitu gani kiguswe, kwa kusomwa tu au kwa kuandikwa pia, na hadi lini. Hati ilitiwa muhuri wa hesabu uliotokana na siri iliyojulikana na msimamizi na diski peke yao. Kompyuta ilipofika dirishani na hati hiyo, diski iliukagua muhuri, nayo ikikuta dosari ilikataa. Karani alibaki na kazi ya kutoa hati, na mizigo ikapita moja kwa moja kwenye madirisha.

Wazo hilo lilikubaliwa kuwa kanuni rasmi nchini Marekani mwaka 2004, likiwa nyongeza ya SCSI, lugha ya amri ambayo kompyuta na diski zimeitumia kwa miaka mingi. Gibson alikuwa ameshiriki kuanzisha kampuni ya Panasas mwaka 1999, nayo ilijenga hazina zake juu ya msingi huo. Mwaka 2008 kompyuta iitwayo Roadrunner, iliyokuwa Los Alamos, Marekani, ilikuwa ya kwanza duniani kuvuka kiwango cha hesabu trilioni elfu moja kwa sekunde. Hazina iliyoitumikia ilitoka Panasas.

KAZI YA MAFUNDI WA KIINI

Diski yenye akili haina faida ikiwa kiini hakijui kusema nayo. Kwa hiyo mafundi walianza kukifundisha kiini cha Linux, na kazi haikuwa nyepesi. Amri za kawaida za diski zilitosha katika baiti 16. Amri za diski hizi mpya zilikuwa za baiti 200 na zaidi, kwa sababu zilibeba utambulisho, sifa na hati ya usalama kwa pamoja. Isitoshe, amri ya kawaida hupeleka data au huleta data. Amri mpya ziliweza kupeleka na kuleta kwa mkupuo mmoja. Basi njia za ndani ya kiini zikapanuliwa ili kupokea mizigo ya namna hiyo.

Mwezi wa Juni mwaka 2009, toleo la 2.6.30 lilitoka likiwa na msaada huo, pamoja na mfumo wa faili ulioitwa exofs. Mfumo huo ulianzishwa na Avishay Traeger wa IBM, kisha ukaendelezwa na Boaz Harrosh wa Panasas. Ulikuwa na unadhifu wake. Kila faili lilikuwa kitu kimoja katika diski, na maelezo ya faili hilo yalibandikwa juu ya kitu chenyewe kama sifa, badala ya kuwekwa katika leja ya mbali. Ni kama jina la askari lililoandikwa juu ya sanduku lake: leja ya ofisini ikipotea, sanduku bado linajieleza.

KUONDOLEWA

Baada ya hayo yote, diski zenyewe hazikuenea sokoni. Mtu wa kawaida hakuweza kuingia dukani akanunua diski ya namna hiyo kama anunuavyo diski nyingine. Kiini kilikuwa kimeandaa dirisha, karani na hati, lakini wageni waliotarajiwa hawakufika.

Yafaa ifahamike kwamba programu isiyotumika haikai bure kama jiwe kando ya njia. Kila sehemu ya ndani ya kiini inapobadilishwa, sehemu zote zinazoitegemea hazina budi kurekebishwa na kukaguliwa. Njia zilizopanuliwa kwa ajili ya amri za kwenda na kurudi ziliendelea kutunzwa kwa ajili ya mgeni ambaye hakuonekana. Mwaka 2019, kwa mabadiliko yaliyoandaliwa na fundi Christoph Hellwig, mfumo wa exofs, maktaba ya amri za diski hizo na zile njia za kwenda na kurudi viliondolewa. Toleo la 5.1, lililotoka mwezi wa Mei mwaka huo, halikuwa navyo tena. Msaada huo ulidumu katika kiini kwa miaka kumi.

Kuondolewa si kufutwa. Matoleo ya zamani ya Linux yamehifadhiwa, na yeyote atakaye anaweza kuisoma kazi hiyo mstari kwa mstari. Wala wazo halikufa. Lilihama tu. Katika Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, Sage Weil alibuni mfumo uitwao Ceph, akautangaza kwa andiko la mwaka 2006. Humo mtunza bohari hakai ndani ya diski. Ni programu inayosimama mbele ya diski za kawaida, zile zile zinazopatikana madukani. Yeye hupokea vitu kamili kwa majina yake na kuhakikisha kwamba nakala zake zimewekwa mahali zaidi ya pamoja. Kiini cha Linux kilianza kusema na Ceph mwaka 2010, na hata kituo cha utafiti cha CERN, karibu na Geneva, Uswisi, hukitumia chombo hicho. Akili iliyokusudiwa kutiwa ndani ya chuma ilipata makao katika programu, kwa kuwa programu haikuhitaji kumngoja mwenye kiwanda.

FUNZO LA NYUMBANI

Habari hii ina mafunzo mawili kwa jamaa wa kambini na wa mtaani.

La kwanza ni juu ya kutunza. Cheti cha kuzaliwa, stakabadhi za karo, barua za pensheni na picha za baba aliye kazini mbali siku hizi hukaa katika simu au diski moja. Humo vimetawanyika katika vipande vyenye namba, na leja ni moja. Mama mwenye hekima hufanya kama Ceph ifanyavyo: huweka nakala ya pili mahali pengine, mbali na ya kwanza, na kila kitu hukipa jina linalojieleza, ili hata asipokuwapo yeye, mtoto ajue kipi ni kipi. Tena huchagua mapema ni nani mwenye ruhusa ya kufungua, maana siku ya msiba si siku ya kutafuta neno la siri.

La pili ni juu ya kuacha. Kazi ya mafundi wale ilikuwa njema na ilifanywa kwa uangalifu. Aliyeiondoa hakuwadharau waliotangulia. Aliona kwamba dirisha lisilo na mgeni bado linahitaji mlinzi, na mlinzi huyo anahitajika kwingine. Hata nyumbani kuna sanduku linalohamishwa kutoka kituo hadi kituo kwa miaka kumi, likachukua nafasi garini na jasho la vijana, ilhali hakuna akumbukaye lilifunguliwa lini. Lifunguliwe sasa. Kilicho ukumbusho kitunzwe, kinachofaa kipewe anayekihitaji, na nafasi iliyobaki iachiwe mali inayotumika.