Mali Yetu Imelala Zizini

Uholanzi ni nchi ndogo. Ndani ya Tanzania yaingia zaidi ya mara 20. Ng'ombe wake hawafiki milioni 4, nasi tunao zaidi ya milioni 30. Mtu angedhani mashamba yetu ndiyo yaliyoshiba samadi na ya Waholanzi yana njaa. Mambo yako kinyume.

Huko samadi imewazidi. Mwaka 2015, Ulaya ilipoondoa kikomo cha maziwa, wafugaji waliongeza ng'ombe, na fosfeti ya samadi ya nchi nzima ikapita kiwango kilichokuwa kimewekwa, kilo milioni 172.9 kwa mwaka. Tangu Januari 2018 mfugaji wa ng'ombe wa maziwa hana budi kuwa na haki ya fosfeti, nayo huuzwa na kununuliwa kama kiwanja. Mwenye samadi nyingi kuliko ardhi yake hulipa ili ichukuliwe. Hulipa, ndugu zetu!

Fosfeti ndiyo yenye fosforasi, chakula cha mizizi na punje. Haimo hewani, hutoka kwenye mawe au hurudi kwa samadi. Kila tani ya mahindi inayotoka shambani huondoka na karibu kilo 3 za fosforasi, na asiyerudisha anakula akiba ya wajukuu.

Waholanzi wameipata wapi ya kuwazidi? Kwa sehemu kubwa imewafikia kwa meli. Soya ya Brazil hushushwa Rotterdam, ng'ombe, nguruwe na kuku wakaila, na rutuba ya udongo wa watu wengine ikabaki kwao. Basi wale wanaotuhimiza tuige Uholanzi watuambie kwanza ni udongo wa nani tutakaoula.

Lakini na sisi tuseme kweli. Ng'ombe wa Usukuma hula majani makavu yenye fosforasi kidogo, na mavi mengi huanguka machungani. Yale ya usiku hulundikana zizini, yakanyeshewa mvua mwaka baada ya mwaka, huku jirani akivuna magunia mawili kwa ekari. Samadi ni nzito, na anayeambiwa aibebe ni mama mwenye kikapu. Mwaka 2022 mbolea ya nje ilipopanda bei tulilia sote, na malundo yalikuwa pale pale. Hatusemi samadi peke yake itatosha. Ndiyo maana mawe ya fosfeti ya Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, ni mali ya kulindwa.

Wazee wa kisiwa cha Ukara walijua haya zamani. Walifunga ng'ombe ndani ya nyumba, katika shimo, wakawakatia majani, wakaichukua samadi mpaka shambani, na shamba lile lile likalimwa kila mwaka. Mabwana shamba wa kikoloni hawakuwafundisha. Walikwenda kutazama na kuandika.

Leo mfugaji na mkulima hugombania mabua hata kufikishana mahakamani. Kwa nini wasipatane, mabua kwa samadi, mbele ya tawi la Chama? Twataka kila tawi lihesabu mazizi yake kabla ya mvua za kwanza, na halmashauri itenge fedha za mikokoteni na maksai. Diwani aitwe kwenye mkutano wa tawi, aulizwe fedha hizo ziko fungu gani.