Kijiko cha Grisi na Dakika 20: Nani Anaua Injini Zetu?

Jamani, leo siasa naiweka kando. Naongelea injini. Najua kuna watakaosema nimepotea njia, lakini subirini kidogo.

Gari likifa wiki moja baada ya injini kupigwa ovahoo, hukumu huwa tayari kabla ya kesi: fundi mwizi, spea za Gerezani feki. Feki zipo, na wababaishaji wapo, sikatai. Lakini kuna kifo kimoja cha injini ambacho mtuhumiwa wangu wa kwanza ni yule anayeitwa "bosi", yaani mwenye gari.

Chukua Land Cruiser ya zamani yenye 2F, au LiteAce yenye 5K. Ndani kuna kamshafti, mhimili wenye nundu. Nundu inasukuma tapeti, tapeti inasukuma fimbo, na valvu inafunguka. Hapo chuma kinasugua chuma kwenye eneo dogo mno, huku springi ya valvu ikikandamiza. Uso wa tapeti unaonekana bapa, kumbe una mbinuko mdogo sana, na nundu imechongwa kwa mshazari kidogo, ili tapeti izunguke kila inaposukumwa. Ikizunguka, inaishi. Ikigoma, nundu inalika, na unga wa chuma unasafiri na oili hadi kwenye beringi za krenki ulizozilipia juzi.

Sasa, injini iliyofungwa upya ni kavu. Beringi zinaletewa oili na pampu, lakini nundu kwenye injini nyingi za aina hii zinategemea zaidi oili inayorushwa na krenki ikizunguka. Ukipaka oili ya kawaida, halafu injini ikakaa wiki mbili ikisubiri gasketi, oili imeshachuruzika yote. Ndiyo maana ipo grisi maalumu ya kufungia injini, nzito, yenye molibdenamu. Inapakwa kwenye nundu na usoni mwa tapeti, inang'ang'ania hapo. Ubavuni mwa tapeti inatosha oili ya kawaida, ili izunguke bila kunata. Kamshafti mpya inataka tapeti mpya. Kama unarudisha za zamani, kila moja irudi kwenye nundu yake.

Kisha pampu ijazwe oili, na kila kitu kipimwe mapema ili injini ishike mara moja. Ukipiga starta kwa muda mrefu, unaifuta ile grisi. Ikishashika, usiiache iungurume taratibu. Ipandishwe hadi mizunguko 2,000 au 2,500 kwa dakika, ishikiliwe hapo dakika 20 hivi, halafu oili imwagwe na iwekwe nyingine. Injini zenye tapeti za rola hazihitaji dakika hizo. Hizi za zamani zinazihitaji.

Hapo ndipo bosi anapoingia. Grisi? "Paka oili tu, mnapenda sana kutuongezea bili!" Muda? "Kesho nina harusi Morogoro." Oili ya pili? "Hii si mpya?" Injini ikiwashwa anasimama pembeni, mkono kwenye boneti, anafurahia muungurumo wa taratibu. Hajui kwamba ndio unaoikausha nundu.

Na bosi huyu si mbumbumbu. Ana shahada, anasoma blogu kama hii. Ataenda kununua oili "ya kisasa kabisa", wakati kiwango cha API SM kilichoanza mwaka 2004 kilishusha fosforasi kwenye oili nyepesi za petroli hadi asilimia 0.08, ili kulinda vifaa vya kusafisha moshi. Fosforasi hiyo inatoka kwenye kiungo kilekile cha zinki kinachozilinda tapeti za zamani. Mpya si lazima iwe bora kwa mzee wako! Fundi akisema hivyo, anaambiwa hajasoma.

Na kusoma kwenyewe asome wapi? Karatasi ya maelekezo ndani ya boksi la kamshafti imeandikwa Kiingereza. Sisi waandishi tunajaza kurasa kwa Kiswahili kuhusu nani kahama chama, lakini maarifa yanayolisha maelfu ya vijana gerejini hatuyagusi. Halafu tunawaita wababaishaji. Mnaona sasa? Siasa yenyewe hiyo.

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Kwa hiyo injini ikifungwa, muulize fundi wako: nundu umepaka nini? Pampu umeijaza? Tutaishikilia kwa dakika ngapi? Ukiona anacheka kwa furaha kwamba hatimaye kuna bosi anayeuliza, lipa grisi, lipa oili ya pili, na harusi ya Morogoro panda basi.

Naomba kutoa hoja. Mnasemaje wadau?